Rangi ya Kitongoji Chetu

Jumatatu, 4 Mei
Mtafiti wa lahaja amefika kutoka jiji la Pune! Bi Mrunalini Agashe, miwani minene, kinasa sauti begani. Anachora ramani ya lugha yetu ya Kimarathi, kila lahaja na rangi yake. Bhiku Tawde wa ng'ambo ya kijito ameshamwahi. Kamwambia sisi na wao tunasema Kimalvani kilekile cha pwani, basi aandike jina la kitongoji chake, linatosha. Linatosha! Wazee wangu wafichwe chini ya jina la Tawde? Thubutu. Lazima tupate rangi yetu.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata! Mama mkwe Anusaya yupo kwetu, kutoka Akola, kule Varhad kusiko na bahari. Mzazi hakai sana kwa binti aliyeolewa, ndiyo desturi, kwa hiyo Ijumaa anaondoka. Afadhali, maana mchuzi wetu wa samaki anaula kaziba pua. Lakini Kivarhadi chake nani anakijua huku? Nimemwomba ajifanye mzaliwa wa hapa, mzee wa mwisho wa lahaja yetu ya kale. Mke wangu Vimal kaniuliza kama nina homa. Mama mkwe kasema kwa ajili ya mkwe wake atafanya lolote.

Alhamisi, 7 Mei
Aibu! Mama mkwe kaulizwa na Bi Agashe habari za bahari. Kajibu kuwa bahari ni maji yaliyoharibika, akahamia kwenye pamba yao ya Akola, kisha akawatukana samaki wetu mmoja mmoja. Tawde, aliyepita "kusalimia tu", alicheka mpaka akakaa chini. Bi Agashe yeye alifurahi. "Mama, hiki Kivarhadi safi kabisa! Usiondoke, nikurekodi." Sisi katupaka rangi moja na kina Tawde. Jina ni la kwao. Roho inaniuma.

Jumapili, 10 Mei
Mama mkwe hakuondoka. Desturi? Anasema hayupo kwa binti yake, yupo kazini, mpaka mvua zianze. Samaki kawapiga marufuku jikoni. Leo tena mkate wa mtama na pilipili ya kutwanga. Tawde kaja kunipa pole, ananukia samaki bangda wa kukaanga.

Hata hivyo! Bi Agashe kasema Kiahirani cha Khandesh kinawagombanisha wataalamu: wengine wanakiita lahaja, wengine lugha kamili. Lugha kamili! Na shangazi yake Vimal ni wa Khandesh. Nimeshampigia simu. Anakuja kesho, na mizigo yake yote.