Leso ya Mama Mkwe Kikaoni

Jamani, leo heshima yangu imekwisha. Imekwishia chini ya meza, mbele ya ofisi nzima, Jinja na Mbale. Naandika mwenyewe mapema, kabla wenzangu hawajawasimulia na kutia chumvi.

Mnajua ofisi yetu imefungwa kwa ajili ya korona. Tunauza mbegu na majembe, makao makuu yako Jinja, tawi letu liko huku Mbale upande wa viwandani. Sasa kila mtu anafanya kazi kwake. Ofisi yangu mimi ni meza ya kulia chakula, nyumbani mtaa wa Namakwekwe, chini ya mabati yanayoanza kuchemka kabla hata chai haijapoa.

Mkubwa wetu ni Afande Opio. Alistaafu jeshini zamani, ila jeshi halijamstaafu. Kila asubuhi anatuita kwenye video kutoka Jinja, anasoma majina, na kila mwanamume lazima awe na koti na tai. "Korona hapana ondoa nidhamu," anasema, kwa Kiswahili chake cha kambini.

Kikao cha leo kilikuwa cha Waiswa. Huyu ni mwenzetu wa stoo ya Jinja, rafiki yangu, na ndiye mchekeshaji wa ofisi, yule anayemwiga Afande huku Afande yuko nyuma yake. Aliugua korona. Sasa anapona, lakini amejifungia peke yake kwenye chumba cha kupanga, mke na watoto wako kijijini na usafiri hakuna. Wiki hii aliacha kuongea. Ukimpigia, hapokei. Ukimwandikia, anasoma, kimya. Mtu aliyekuwa hanyamazi hata msibani! Tukaogopa. Afande akaniteua niongoze kikao cha kumtia moyo, kwa kuwa mimi ni rafiki yake (na kwa kuwa nina mdomo).

Sasa mjue na hali ya nyumbani kwangu. Mama mkwe alikuja mjini kutibiwa macho, safari zikapigwa marufuku, akakwama kwetu. Nanyi mnajua, kwetu Bugisu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Haya, nionyesheni migomba kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Mke wangu Nambozo akatutungia utaratibu. Mama analala chumba cha ndani, sisi sebuleni, katikati pazia. Mama akitaka kupita, anakohoa kwanza, mimi natoka nje mbio. Nikitaka kurudi, nakohoa mimi. (Majirani wameanza kutukwepa bombani. Nyumba inakohoa vile, wakati huu?) Neno lolote la kuambiana linapita kwa Nambozo. Tumeishi hivyo tangu amri ya kukaa ndani, na hatujaonana hata kisigino.

Leo asubuhi Nambozo akaenda sokoni. Joto lilikuwa halivumiliki. Nikavaa shati, koti na tai, suruali nikaiacha msumarini. Kaptula yangu ilikuwa kambani, inachuruzika maji. Kwenye mgongo wa kiti nikaona leso ya Nambozo ya kujifunga, nikaivuta, nikajifunga kiunoni. Kamera inaona kifua tu, nani atajua?

Afande akasoma majina. Waiswa akatokea kwenye kompyuta, amekonda, shuka limemfunika mpaka mabegani. Alipoitwa jina lake aliinua mkono tu. Nikasafisha koo nikaanza hotuba. "Ndugu yetu Waiswa, ujue hauko peke yako."

Nikasikia kikohozi.

"Pole sana, ndugu," nikasema kwa sauti ya huruma. Kikasikika tena, kizito zaidi. "Kohoa tu, Waiswa, usione haya. Sisi ni familia."

Waiswa akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole, akawa anaonyesha nyuma yangu.

Kikohozi cha tatu nikakitambua. Hakikutoka Jinja. Pete za pazia zikalia, na mlango wa nje uko upande wa pili wa chumba, na mimi niko ndani ya leso. Nikafanya kitu pekee ambacho mkwe mwenye adabu angefanya. Nikaingia chini ya meza.

Kitambaa cha meza kinaning'inia mpaka karibu na sakafu, Mungu ambariki aliyekifuma. Juu nikamsikia Afande. "Mafabi! Wewe nakwenda wapi?" Kisha kandambili za mama zikasimama mbele ya pua yangu.

Kumbukeni mama aliuza vitunguu Lwakhakha, mpakani na Kenya, miaka mingi. Kiswahili hakimsumbui, na watu hawamtishi. Akaona nyuso zimejaa kwenye kompyuta, akaona ni ufidhuli kupita bila salamu. Akavuta kiti changu, akakaa.

"Hamjambo, wanangu. Nyinyi ndio watu wa kazi wa huyu?"

"Ndiyo, mama," akajibu Afande, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia.

"Asanteni kwa kazi."

"Asante na wewe, mama. Naomba kuuliza. Mafabi iko wapi?"

"Yuko chini ya meza."

"Kwa nini iko chini ya meza?"

"Ni mkwe wangu," mama akasema, kama mtu anayeeleza kwamba mvua inalowesha.

Wote waliozaliwa pande hizi wakaelewa papo hapo. Nikasikia mtu ameangusha kikombe. Ningeweza kuvumilia hapo, kweli ningeweza. Lakini mama akaendelea. "Nilikuja kuchukua leso yangu. Nilikuwa nimeianika kwenye kiti hiki."

Nikainamisha kichwa nikatazama kiuno changu. Maua mekundu. Ya Nambozo ina ndege wa njano. (Nyinyi mnaojua leso zenu, mnisamehe. Kwangu mimi leso ni leso.)

Mama akainuka, akaikaribia kompyuta. "Wewe uliyejifunika shuka. Ndiwe mgonjwa? Basi huna kazi nyingine. Niulizie huyo wa chini kama ameiona leso yangu, maana mimi siwezi kusema naye, na binti yangu yuko sokoni."

Nikajua Waiswa atazima simu, na kikao nilichopewa nimwokoe nacho kitakuwa kimemfukuza. Halafu sauti ikatoka, imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Mafabi. Mama anauliza kama umeiona leso yake."

Mama yuko juu ya kichwa changu, ningeweza kumgusa unyayo. Na bado jibu langu ilibidi lisafiri mpaka Jinja, livuke Mto Nile kama linataka, kisha lirudi Namakwekwe. "Waiswa, mwambie mama leso ipo."

"Mama, anasema ipo."

"Mwulize ipo wapi."

"Mafabi, ipo wapi?"

"Mwambie ipo mahali salama."

Waiswa ananijua miaka yote hii. "Mama," akasema, "nadhani ameivaa."

Kandambili zikarudi nyuma hatua moja. Nikafumba macho nikaomba ardhi ya Bugisu ifunguke, nayo ikakataa. Hatimaye mama akasema, polepole sana, "Mwambie asiivue."

Ofisi ikapasuka. Na katikati ya vicheko vyote hivyo nikasikia kimoja ambacho hatujakisikia wiki nzima, kile cha Waiswa kinachoanza kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Akacheka mpaka akakohoa. (Hicho sasa kilikuwa chake.)

"Kohoa, mwanangu, umalize," mama akamwambia. "Leo umekula nini?"

"Chai, mama."

"Na jana?"

"Chai."

"Mtu anaponaje kwa chai? Kuna nini?"

Vicheko vikaisha. Waiswa akasema, "Naogopa, mama. Nikilala, naona kama sitaamka, na hapa hakuna mtu wa kujua."

Nilikuwa chini ya meza na koti na tai na leso ya mama mkwe, na machozi yakanitoka, siwafichi. Hotuba yangu ilikuwa ndefu na nzuri, lakini haikuwa na mahali pa kumwuliza mtu amekula nini.

Mama hakutoa hotuba. "Sikiliza. Kila asubuhi nitakupigia kwa simu ya Nambozo. Nitakohoa, na wewe utakohoa. Nikikusikia, nitajua umeamka, basi. Usipokohoa, huyu mkubwa wenu atakuja kuvunja mlango."

"Ndiyo, mama," Afande akasema. Walioona wanasema alisimama wima. Akaahidi pia uji na ndizi vitafika mlangoni kwa Waiswa leo leo, atavipeleka yeye mwenyewe, na Waiswa hakukataa.

Ikabaki kunitoa mimi. Afande akashika usukani, kazi anayoipenda. "Mama, naomba geuka, tazama ukuta. Mafabi, toka. Kwa magoti."

Mama akageuka. Nikatambaa kwa adabu zote mpaka karibu na mlango, nikaona niko salama, nikasimama. Mama alikuwa amegeuka, ndiyo. Kamera je? Kamera ilikuwa palepale inanitazama, juu koti na tai, chini maua mekundu mpaka kwenye vifundo. Nikageuka kumpigia Afande saluti (sijui kwa nini, msiniulize), na hapo ndipo mtu akapiga picha.

Nikakimbilia uani. Nikakutana na Nambozo na kapu lake la nyanya. Akanitazama kutoka tai mpaka miguu. "Hiyo si leso ya mama?"

Nambozo anasema itabidi nitoe kuku wa kuomba radhi. Mama ameshamchagua, na ni yule mnene. Leso nimeambiwa nibaki nayo, kwa sababu sasa hakuna mtu mwingine anayeitaka. Picha iko kwenye kundi la ofisi, mtu ameiandika "Sare mpya ya tawi la Mbale."

Jioni hii Waiswa ameandika kwenye kundi, mara ya kwanza wiki hii. "Afande, uji nimemaliza. Naomba kikao cha kesho kiongozwe na mama. Mafabi arudishwe chini ya meza yake, alikuwa anafanya kazi vizuri."

Basi, mmeshasikia yote. Nawaombeni msicheke. Isipokuwa wewe Waiswa. Wewe cheka, bwana, cheka mpaka ukohoe, mama anasikiliza.