Babu Subiri na Santuri ya Konokono

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetukanwa mbele ya gramafoni yangu.

Tulikuwa wanne katika chumba kilicho nyuma ya karakana yangu ya makochi. Mimi, Mwalimu mstaafu wa hesabu, Fundi Kufuli, na Shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye huja kulala tu lakini hulala kwa heshima. Hicho ndicho kilabu chetu cha roki ya progresivu. Roki ile ndefu, ya watu wenye pumzi! Wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Mapigo ni saba, si manne kama ya watoto. Kinanda kinapanda, filimbi inashuka, na ukidhani wimbo umekwisha, kumbe ndiyo kwanza unavaa viatu. Tulikuwa kwenye Santuri ya Konokono, ile yenye picha ya konokono aliyebeba kasri mgongoni. Ni santuri ya pili kwa ubora duniani. Ya kwanza ni hiyohiyo ukiigeuza.

Akaingia Mama Mwenye Nyumba, bila hodi. Akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua viazi. Akauliza chumba hiki ni cha nani. Nikasema cha wapangaji wote. Akauliza basi mbona anaona vipara tu, wanawake wa nyumba hii ni wapangaji wa mbinguni? Nikamwambia mlango uko wazi. Akasema hata mdomo wa mamba uko wazi.

Kisha akatoa hukumu. Jumamosi anarudi. Akikuta wanawake wanasikiliza huu muziki, wameketi kwa hiari yao wenyewe, muziki unabaki. Asipowakuta, chumba anapewa Msusi wa saluni ya jirani, ambaye wateja wake wanasukwa hadi barazani kwa kukosa nafasi.

Chumba changu! Spika nimezitengeneza kwa mikono yangu, kila moja kubwa kama kabati la bibi harusi. Nyumbani haziruhusiwi tangu siku ile sahani zilipotembea zenyewe kutoka kabatini. Nikinyang'anywa chumba hiki, konokono atanyamaza na mimi nitakufa.

Baada ya Mama kuondoka tukajadili kwa nini wanawake hawaupendi muziki huu. Mwalimu akasema ni mambo ya ubongo. Fundi Kufuli akasema ni urefu. Shemeji akakoroma. Wote hawajui kitu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapo wahenga walichoka tu. Asiyejua maana lazima aambiwe! Wanawake hawajaelezwa. Na nani anaeleza kunishinda mimi? Niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na mke wangu. Mcheza kwao hutunzwa.

Nilimwambia nina zawadi yake karakanani. Akaja amejipaka mafuta, maskini. Alipoona santuri akakunja uso. Nikamkalisha. Nikaweka sindano. Filimbi ikaanza, akatulia kidogo. Hapohapo nikanyanyua sindano. Nikamwambia subiri kwanza, hiyo filimbi ni roho ya konokono. Nikarudisha. Ngoma zikaingia, nikanyanyua. Subiri kwanza, hapa kasri limeanza kuwa zito. Nikarudisha. Kinanda, nikanyanyua. Subiri kwanza!

Akaniuliza maneno ya wimbo yanasemaje. Nikamwambia lugha yake siijui, lakini maana yake naijua yote. Akaniuliza basi wimbo uko mbali na mwisho? Nikamwambia mama watoto, huo ni utangulizi.

Akasema ananivumilia mimi tangu ujana wake, asiombwe kumvumilia na konokono. Akasimama, eti anakwenda kutazama chungu jikoni. Chungu kilikuwa hakijabandikwa! Nilikiona mwenyewe asubuhi kimefunikwa kifudifudi.

Si kitu. Mke wa nyumbani si kipimo. Kesho naleta wageni.

Jumatano, 6 Machi

Akili yangu nyingine hunitisha hata mimi.

Nilijiuliza, mwanamke anapenda nini? Kuketi pazuri baada ya kuchoka. Na mimi ni nani? Mfalme wa makochi. Nikalivuta chumbani lile kochi la mahameli nyekundu nililomaliza juzi, kochi la mteja mmoja anayeoza binti yake wiki hii. Sponji mpya kabisa. Ukikaa, linakupokea kama shangazi. Nikafungua mlango, nikasimama barabarani nikiwaalika wapita njia.

Wakaja watatu! Muuguzi aliyetoka zamu, muuza mboga, na dada mmoja mwenye birika la chai ya kuuza. Wakaketi. Nikaona ushindi huo. Nikaweka Konokono. Muuguzi akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa taratibu. Nikanyanyua sindano upesi kumweleza kwamba anatikisa kwa nne na hapa mapigo ni saba. Akafumbua macho. Hakutikisa tena. Nikaeleza saba. Nikaeleza kasri. Nikaeleza kwa nini upande wa pili unaanza na ukimya. Muuza mboga akauliza kochi linauzwaje. Nikasema subiri kwanza. Dada wa chai akauliza kama linapatikana kwa rangi ya kijani.

Nilipogeuka tena, muuguzi alikuwa amelala fofofo, amemwegemea dada wa chai, dada wa chai ameliegemea birika, na birika limeegemea mahameli. Ziwa! Ziwa la chai ya rangi katikati ya kochi la watu!

Na nani akachungulia mlangoni? Mwenye kochi. Na binti yake. Binti akalia. Mwenye kochi akasema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mengine sijui herufi zake. Nimeshinda jioni yote nikibadilisha kitambaa.

Wanawake watatu waliketi, lakini. Hilo halifutiki.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu ni mnafiki. Amekuja na ubao.

Eti mimi naeleza kwa mdomo tu ndiyo maana hawaelewi, yeye ataeleza kwa michoro. Akachora mstari unaopanda na kushuka, akaandika namba saba mara nyingi. Nikamwambia mchoro wake unafanana na nyoka mwenye kwikwi. Akaniambia mimi sijui hata kugawanya. Nikamwambia nagawanya makofi, anataka fungu lake? Tukawa tunapokezana kunyanyua sindano, mimi nieleze, yeye aeleze, mpaka Konokono akawa anaimba neno mojamoja kama mtu anayepigwa mgongoni.

Katikati ya vita mlango ukafunguka. Mwanamke! Kwa miguu yake mwenyewe! Nikaruka nikafunga mlango nyuma yake asitoroke. Nikamwambia karibu dada yangu, malkia wa kilabu. Kumbe ni mke wa Fundi Kufuli. Akasema hakuja kusikiliza makelele, amekuja kuchukua mume wake, kwa sababu amejifungia nje ya nyumba na fundi kufuli wa familia yuko huku anasikiliza konokono. Akamshika ukosi. Wakaenda.

Tulikuwa wanne bila mwanamke. Sasa tuko watatu bila mwanamke. Mwalimu akasema hesabu inaelekea pabaya. Ndiyo mara ya kwanza amesema la maana.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho ndiyo hukumu, na mimi nimeshaokoka! Sikilizeni.

Nimepita saluni asubuhi kumtazama adui yangu. Msusi ni mwanamke mnene mwenye vidole kama cherehani na ulimi kama sindano yake. Wateja wanawaita wengine kwa majina, mimi wananiita Babu Subiri, sijui kwa nini. Msusi alikuwa anaigonga redio yake kwa chanuo. Imekufa. Akalalamika kwamba kesho ana foleni ya vichwa, kila kichwa kinakula nusu siku, na watu wakikaa muda huo bila muziki wanaanza kusengenyana mpaka wanang'oana nywele alizowasuka.

Hapo ndipo taa ikawaka. Ikiwa wanawake hawaji kwa konokono, konokono aende kwa wanawake!

Ukuta wa chumba changu na saluni ni mmoja, na una kidirisha cha zamani kilichozibwa kwa mbao. Nikamwambia Msusi nitampa muziki kupitia kidirisha, bure, kutwa nzima. Akanitazama kwa shaka. Akauliza, muziki upi? Nikasema mrefu. Akasema mrefu haumsumbui, nyimbo zake za redio zinakwisha kabla hajamaliza msuko mmoja. Lakini akaweka sharti. Akasema Babu, ulete muziki, usilete maelezo. Najua sababu. Anaona aibu kuelimishwa mbele ya wateja.

Nimebandua mbao. Spika zote mbili nimezigeuza midomo kuelekea saluni, na pembeni nikashindilia sponji za makochi ili sauti isirudi. Kazi ya bingwa. Shemeji alinishikia ngazi akiwa amelala.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda. Pia nimefukuzwa. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nikaweka Konokono. Kumbe sponji zangu ni nzuri kupita kiasi! Sauti yote ikaenda kwa wanawake. Huku kwetu tukasikia kama mtu anaguna ndani ya godoro. Nikawa sijui filimbi iko wapi, kinanda kimefika wapi. Na kama sisikii, nitajuaje pa kunyanyulia sindano? Nikaiacha iende. Nikajaribu kueleza kwa kupiga kelele kupitia sponji. Nilisema yote kuhusu kasri. Sponji ikameza. Upande ukaisha. Nilipochelewa kidogo kuugeuza, ukuta ukagongwa. Ngo, ngo, ngo! Mwalimu akasema wanataka tuzime. Nikageuza tu. Kugonga kukakoma.

Mama Mwenye Nyumba akaja kama alivyoahidi. Akakuta wanaume watatu wamekaa kimya wanatazama sponji. Akauliza huu ni msiba wa nani. Akasema wanawake hakuna, muziki hakuna, basi chumba hakuna. Nikamwambia Mama, nifuate.

Tukaingia saluni. Loo! Imejaa mpaka mlangoni. Hakuna anayesengenya mtu. Msusi anasuka kwa mapigo saba, nywele zinaingia na kutoka, anavuta kwenye la saba! Muuguzi wa Jumatano yuko pale, macho amefumba, kichwa kinatikisika. Na katika kiti cha katikati, nywele nusu zimesukwa nusu zimetimka, ameketi nani? Mke wangu! Anaimba kile kipande cha kinanda, chote, na pale penye kona hakukosea. Mimi mwenyewe hukosea pale.

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema kwanza alikuja kusukwa tu. Akasema hajawahi kuusikia wimbo huu ukipita moja kwa moja, kumbe una mwanzo, katikati na mwisho, kumbe ni wimbo. Akasema lile pigo la ngoma linapolegea kabla ya filimbi kurudi, alihisi machozi. Wenzake wakaitikia. Nikafungua mdomo kuwaeleza machozi yanatoka wapi. Saluni nzima ikasema, kwa sauti moja: "Babu, subiri kwanza!"

Mama Mwenye Nyumba alikuwa tayari ameketi anafungua kilemba, anauliza foleni inaanzia wapi. Nikamkumbusha ahadi yake. Wanawake hawa hapa, wameketi, wanasikiliza, kwa hiari yao. Akasema ahadi ni ahadi. Alisema muziki unabaki. Hakusema sisi tunabaki. Ukuta utavunjwa, chumba kitakuwa cha saluni, gramafoni na spika zikae palepale, na mimi ni mwenye mali, hakuna anayeninyang'anya, naweza kuja kubadilisha sindano ikichakaa. Zaidi ya hapo mwanamume asionekane, isipokuwa ana kichwa cha kusukwa.

Mwalimu akanong'ona kwamba labda kosa lilikuwa maelezo. Nikamwonea huruma. Kuishi miaka yote hiyo na hesabu kichwani, bado haoni jibu! Jumanne nilimweleza mke wangu, Jumatano nikamweleza muuguzi. Leo hao ndio wawili walioupokea wimbo vizuri kuliko wote. Dawa chungu huchelewa kufanya kazi, ndiyo hiyo tu. Na wale wengine je, ambao hawajapata dozi?

Jumatatu, 11 Machi

Sina nywele. Lakini hakuna aliyesema kichwa kinaishia wapi.

Nimefika saluni kabla ya watu, nikakaa kwenye kiti, nikadai kusukwa ndevu zangu, zinazofika kifuani. Msusi akacheka mpaka akashika ukuta, ile nusu iliyobaki. Kisha akasema mteja ni mteja. Nimechagua msuko mdogo kuliko yote, ule unaochukua muda mrefu, maana nina mengi ya kueleza na upande wa pili nimegusa mwanzo wake tu.

Filimbi ikaanza. Nikaanza na mimi. Msusi akavuta ndevu. Nikaendelea. Akavuta. Nikagundua kwamba nikisema neno kabla ya pigo la saba, uso wote unakwenda naye. Basi nikatulia, nikatumia mikono. Nikawaeleza kasri zima kwa mikono, na konokono, na kwikwi za ngoma. Mke wangu akanigeuzia mgongo. Muuguzi akafumba macho. Wengine wakaangalia dari.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Wameelewa kila kitu! Nimeweka miadi ya kila Jumatatu, na Mwalimu nimemwambia aanze kufuga ndevu.