Baiskeli ya Serikali na Mteremko wa Daudi

Jumatatu, 4 Juni 1973

Baridi! Nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Nani alinituma kuomba kazi ya bwana afya? Kwetu Urambo saa hizi watu wamekaa nje na fulana.

Leo nilialikwa chai kwa Mwalimu Nicodemo, mkuu wa shule. Amefuga kuku na anauzia kijiji kizima mayai. Alimenya yai taratibu mbele yangu, akalitia chumvi, akasema mtumishi mwenye akili hakosi kamradi kadogo. Kisha akalila lote.

Basi nami nina mradi. Tena bila mtaji! Baiskeli ya serikali niliyopewa ya kukagulia vyoo imeegemea ukuta tu, maana milima ya hapa haipandiki. Urambo watu wanakodisha baiskeli na kujenga nyumba za bati. Hapa kijijini Daudi hakuna anayekodisha, hata mmoja. Wamelala! Nitakuwa wa kwanza.

Maandishi ya Mali ya Serikali kwenye madigadi nimeyafunika kwa kipande cha gunia. Si kuficha. Ni kukinga vumbi.

Mama Letisia, mwenye nyumba wangu, aliuliza kama baiskeli hiyo inajua kupanda kilima. Nikamjibu kwa heshima kwamba biashara ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 6 Juni

Mteja wa kwanza! Jirani yetu Tluway, mkulima wa viazi. Anashusha gunia gulioni, kule chini ya mteremko. Malipo ni karai la viazi. Nimekula viazi mchana nikijiona tajiri.

Jioni nikamwona anapanda kwa miguu, mikono mitupu, anapiga mluzi. Nikauliza baiskeli iko wapi. Akasema ameiacha chini kwa Akonaay, mwenye mashine ya kusaga. Yeye alikodi ya kushuka. Ya kupanda hakukodi.

Nimeifuata na kuisukuma mwenyewe. Mapafu yangu yamebaki njiani.

Ijumaa, 8 Juni

Wateja wamejaa. Wote wanashuka! Nilimwomba Akonaay awe wakala wangu, akodishe kwa wanaopanda. Alicheka mpaka akazima mashine. Akauliza nani atalipa ili asukume chuma mlimani.

Nimepata dawa. Punda! Tluway anaye. Punda anafungwa baiskeli mgongoni, anaipandisha, malipo karai la viazi. Tluway alikubali haraka mno. Nilipokuwa nakula ugali mkavu ndipo nikaelewa: karai analonipa asubuhi analichukua jioni. Mama Letisia alikuwa ameelewa tangu mchana. Anasema aliona haya kuniambia.

Jumamosi, 9 Juni

Gulio. Tluway kachukua baiskeli tena. Mkewe Efrazia ametangulia kwa miguu, tumbo mbele, siku zake zimekaribia. Nikamkumbusha kliniki, maana mimi ni mtumishi makini.

Jioni punda amerudi peke yake. Mgongo mtupu.

Jumatatu, 11 Juni

Balaa! Ujumbe umefika: Bwana Afya wa Wilaya anakuja Jumatano kukagua vyoo na mali za serikali. Mwenzangu wa tarafa nyingine alikutwa amepakia mahindi yake kwenye baiskeli ya serikali, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi hata hiyo baiskeli ya kukutwa nayo sina.

Nimeteremka mbio kwa Akonaay. Anasema Jumamosi, katikati ya vumbi la unga, alimwona Tluway anakimbiza baiskeli kuelekea mjini. Nyuma amepakia kitu kikubwa kimefunikwa blanketi. Nimekwenda kwao. Mlango umefungwa. Efrazia naye hayupo! Wametoroka. Kitu kikubwa bila shaka ni vyombo vyao vya ndani.

Naogopa sana. Mama yangu amewatangazia watu wote wa Urambo kwamba mwanawe ni daktari. Nikifukuzwa narudi kulima tumbaku, na kila anayepita barabarani ataniamkia daktari huku anacheka.

Jumanne, 12 Juni

Nicodemo amekuja kunipa pole. Ameleta yai! La kuchemsha! Hali yangu ni mbaya kuliko nilivyodhani. Ameshauri nimtaje Tluway kuwa mwizi kabla sijaulizwa. Nimekubali. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mama Letisia akapita, akauliza Tluway atatorokea wapi na shamba lake la viazi analiacha na nani. Nikamwomba anipishe, niko kazini.

Jumatano, 13 Juni

Landrova ilifika asubuhi. Kijiji kizima kilikusanyika. Nikampa mkubwa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza baiskeli iko wapi. Nikaanza: mzee, huyu Tluway ni...

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akashuka Tluway. Akashuka Efrazia, na kichanga kwenye blanketi. Ikashushwa baiskeli!

...ni mwananchi wa mfano, nikamalizia.

Kumbe uchungu ulimshika Efrazia palepale gulioni. Mumewe akampakia kwenye keria, akamfunika blanketi, akamkimbiza hospitali mjini. Mkubwa aliikuta baiskeli nje ya wodi, akauliza ni ya nani; kumbe leo alikuwa ananitania tu. Tluway akamwambia bwana afya wao ana roho nzuri, baiskeli yake anawaachia wananchi. Habari za makarai hakutaja. Wala punda. Nami nilibakiza neno moja tu nimwite mwizi! Mganga alisema wangechelewa kidogo, mama asingepona, mtoto naye asingepona.

Mkubwa alinishika mkono mbele ya watu. Nikalia. Watu wakasema ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni pumzi iliyokwama kifuani tangu Jumatatu. Efrazia akanipa mtoto nimshike. Wa kike, mzito, amenikunjia uso. Sijawahi kufurahi hivi tangu nije huku kwenye baridi. Nicodemo alipiga makofi kwa vidole viwili.

Alhamisi, 14 Juni

Nimelala fofofo mpaka jua likapanda. Raha iliyoje! Kazi ninayo, mama bado ana daktari wake, Efrazia na mwanawe wazima. Naapa: sitaikodisha tena baiskeli ya serikali. Nimeifunga mnyororo na ufunguo nimempa Mama Letisia.

Mkubwa ameniachia zawadi kwa ajili ya kijiji: machela mpya kabisa, turubai imara, mipini ya mbao. Leo nimeitazama muda mrefu. Wagonjwa si wengi. Inakaa tu. Gunia la viazi lingelala juu yake vizuri sana, na matairi haina, kwa hiyo haitapata pancha. Na kitu chenyewe kinabebwa na watu wawili. Maana yake wateja wawili kwa safari moja! Nashangaa watu wa hospitali hawajaliona hili.