Bakteria wa Bustani ya Pyo

Jumanne, Aprili 8
Se-rin, binti wa dada yangu, msomi wa vijidudu chuo kikuu, kapiga simu. Anasaka bakteria wapya kwenye chavua ya mipeasi. Akimpata asiyejulikana, atampa jina la bustani alikotoka. Jina la milele! Nimemwambia asihangaike kwingine. Mipeasi yangu ikichanua, ndege hupotea njia. Jirani Bong-chil anawasha mioto bustanini mwake eti baridi inakuja. Nimemcheka.

Jumatano, Aprili 9
Baridi imekuja. Maua yangu yote meusi. Yote! Ya Bong-chil yanang'aa kama meno ya bandia. Kachungulia ukutani: "Mzee Pyo, mwaka huu unauza majani?" Nilikuwa nafikiri.

Alhamisi, Aprili 10
Akili ni nywele! Ghalani nina mfuko wa chavua ya dukani, ile ya China ya kupaka maua kwa manyoya ili yazae. Nimeijaza kwenye chupa aliyonitumia Se-rin ya kuwekea chavua. Chavua ni chavua. Kisha nimeagiza bango la mlango wa kijiji: HONGERA BAKTERIA WA BUSTANI YA PYO MAN-SU! Mama Hye-jin, mke wangu, kauliza huyo bakteria atalisoma kwa miwani gani. Wivu wa ndani ya nyumba.

Jumamosi, Aprili 12
Bango limetundikwa. Se-rin kapita mbiombio kuchukua chupa yake. Bong-chil kasema amezoea mabango ya watoto waliofaulu mitihani, la vijidudu ndiyo kwanza analiona. Nimemsamehe.

Ijumaa, Mei 16
Se-rin karudi. "Mjomba, mbona chavua yako nyekundu?" Lo! Ya dukani huchanganywa na unga mwekundu, ili mkulima ajue ua lipi kashalipaka. Nikasema mipeasi yangu ina damu ya kifalme. Kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe siku ile ya kuchukua chupa alichuma na maua ya Bong-chil! Humo kampata bakteria mmoja. Kamlinganisha na jamii zote, vinasaba, chakula, joto analostahimili. Hana wa kufanana naye. Ataitwa kwa bustani ya Bong-chil. Naye Bong-chil kaja kwa adabu zote kuniomba kamba za bango.

Jumamosi, Mei 17
Nimempa kamba. Mimi mtu mkubwa. Hata hivyo, Se-rin alidokeza kwamba mwakani atapima maua ya mipichi. Bong-chil hana hata mmoja! Nimeshaagiza bango, kubwa kuliko la kwanza. Kesho naenda kutafuta mpichi.