Zawadi ya Bosi na Pengwini wa Mama

Jumatatu, 2 Juni

Giza. Jana giza, kesho giza. Jua litarudi Agosti, likijisikia.

Leo tumechomoa majina. Ndiyo desturi ya sisi tunaobaki kituoni, huku kwenye barafu ya ncha ya kusini, majira ya baridi: kila mtu anachomoa jina kwenye kofia, haruhusiwi kumwambia mtu, kisha anamtengenezea mwenye jina zawadi kwa mikono yake mwenyewe. Zinafunguliwa tarehe ishirini na moja, katikati ya baridi, mbele ya wote. Mimi nimempata mpishi. Mpishi atanifaa nini? Nilimtaka Rhona, bosi wetu. Rhona ndiye atakayetangaza siku hiyo fundi gani aende na wanasayansi kuwaona pengwini jua likirudi. Fundi mmoja tu! Na tunaoitolea macho nafasi hiyo tuko wawili: mimi Murdo, fundi bomba, na Hefin seremala, mtu mpole mpaka anakera.

Lazima niende. Nilipofika huku nilimwambia mama kwamba pengwini huja kunisalimia kila asubuhi. Sijui nilipatwa na nini. Ukweli ni kwamba ndege ilitushusha mlangoni, na tangu hapo nimeona vyoo tu. Mama ameshautangazia mtaa mzima. Sasa anataka picha.

Alhamisi, 5 Juni

Mambo yamenyooka! Jina la Rhona lilikuwa kwa daktari, kanidokeza mwenyewe. Nimemwomba tubadilishane. Akasema sawa kaka, ila zamu zake zote za kuchota theluji nizichukue mimi. Huku maji yote ni theluji. Usipojaza tangi la kuyeyushia, hakuna chai wala kuoga. Nikakubali papo hapo. Akacheka sana. Sikuelewa anacheka nini.

Jioni: nimeelewa. Daktari alishindwa karata na nusu ya kituo, na zamu za wote wanaomdai zimo humo humo.

Jumanne, 10 Juni

Zawadi ya Rhona: taa ya bomba la shaba, yenye koki. Ukifungua koki, taa inawaka. Nani mwingine angefikiria hilo? Nimeijaribu leo. Ukifungua koki, jiko zima linazimika. Mpishi ametukana kwa lugha nisiyoijua. Daktari akaja, akaizunguka taa mara kadhaa, akaniuliza kwa upole kama hicho choo ni cha mtu mzima au cha mtoto.

Halafu Hefin ananipeleleza. Kaja kuazima spana yangu kubwa, kairudisha haraka, imejaa vumbi la mbao. Nikamuuliza alikuwa anafungua nini. Akasema hakuna kitu bwana, alitaka kuona urefu wake tu. Seremala na urefu wa spana, wapi na wapi? Kisha akauliza napenda rangi gani. Nikamwambia kijani, na aache maswali.

Jumamosi, 14 Juni

Mgongo umekwisha. Naota theluji. Taa nimeivunja kwa hasira.

Mchana nilipita karakana ya Hefin wakati yeye yuko mezani. Sikwenda kuchungulia. Nilikwenda kuangalia kama bomba lake linavuja. Hana bomba. Lakini chini ya turubai nikaona sanduku. Loo! Pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja. Juu ya kifuniko kachonga koki ndogo na tone la maji. Ndani kuna trei yenye vishimo virefu, vyote vimewekewa kitambaa cha kijani. Nikakuna kichwa. La nani hili? La Rhona haliwezi kuwa, Rhona ni wangu. Labda la mpishi, kama daktari naye kabadilishana na Hefin: vishimo ni vya visu, na koki ni ile ya jikoni. Kwa kujaribu tu nikaweka spana yangu kwenye kishimo kikubwa. Ikaingia, ikatulia kama imezaliwa humo! Maajabu. Basi visu vya mpishi ni vikubwa kuliko nilivyodhani.

Aliyekusudiwa ana bahati, yeyote yule. Nilimwonea wivu.

Nimelichukua. Si wizi. Hefin anaweza kutengeneza jingine huku anasinzia. Mimi siwezi hata nikikodoa macho.

Jumatano, 18 Juni

Kituo kizima kinatafuta. Kinatafuta nini, hakuna anayejua, kwa sababu Hefin hawezi kutaja zawadi kabla ya siku yake. Anasema tu kuna kitu cha mbao kimepotea. Mimi ndiye ninayetafuta kwa kelele kuliko wote. Nimepekua hadi ndani ya friji. Hefin akanishika bega, akasema asante sana ndugu yangu, lakini watu wengine watafute, wewe hasa usihangaike.

Mimi hasa? Kwa nini mimi hasa? Nimekosa usingizi kwa maneno hayo. Kama anajua, mbona ananishukuru? Na kama hajui, mbona jicho lake lina huruma?

Jumamosi, 21 Juni

Siku yenyewe. Nyama ya kuchoma, keki, kofia za karatasi za sherehe, Rhona kafunga tai. Zamu yangu ilipofika nikamkabidhi sanduku kwa mikono miwili. Watu wakaguna kwa mshangao. Rhona akalipapasa, akasema Murdo, kumbe una mikono ya namna hii! Nikasema ni kazi ndogo tu, bosi. Hefin alikuwa ameduwaa, uma uko hewani. Nikajua ni wivu.

Kisha Rhona akainua trei. Sikujua kwamba inainuka! Chini yake kulichongwa maneno. Akayasoma kwa sauti: "Kwa Murdo. Maji hayajatukatikia hata mara moja. Asante, rafiki yako Hefin."

Nikasema haraka kwamba nilijiandikia mwenyewe, kujitia moyo. Daktari akauliza: na ukajisainia Hefin?

Natamani wangenipigia kelele. Hefin hakunipigia. Akanyanyuka, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa gazeti. Akasema bwana, lile lilipopotea nikakutengenezea hiki, usinilaumu, muda ulikuwa mdogo. Pengwini wa mbao, kimo cha chupa. Jicho moja hakuwahi kulimalizia. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hapa hata ardhi hakuna, barafu tupu. Nikalia. Mbele za watu, mtu mzima na kofia ya karatasi kichwani.

Safari kapewa Hefin. Nilipiga makofi. Rhona akanisukumia sanduku, akasema lichukue, ni lako, jina lako limo. Yeye amebaki mikono mitupu. Spana zangu zote zimeingia. Zote!

Jumatatu, 23 Juni

Nimetubu. Nimemwomba Hefin msamaha, akasema yameisha. Kuanzia leo Murdo ni mtu mwingine. Hakuna hila, hakuna uongo.

Mchana mama alipiga simu. Picha iko wapi? Majirani wameanza kunong'ona, na shangazi kasema hadharani kwamba mimi niko gerezani. Masikini mama! Nikamtazama pengwini wa Hefin pale dirishani. Naye akanitazama, kwa jicho lake moja.

Basi nikamtoa nje. Nikamsimamisha kwenye theluji mbali kidogo, nikaweka tochi pembeni yake, nikapiga picha.

Mama amelia kwa furaha. Picha imeshabandikwa kanisani. Kauliza mbona amefumba jicho moja, nikamwambia ananikonyeza, tumezoeana. Uongo mmoja tu, na wa mwisho. Akasema shangazi bado ana mashaka, eti pengwini wa kweli anatembea. Anataka kumwona akitembea.

Kamba nimeshapata, nyembamba, haitaonekana gizani. Nimeichukua karakanani kwa Hefin alipokuwa mezani. Sijui ni ya kazi gani. Imeandikwa "Safari ya Agosti", lakini Agosti bado sana.