Finjani ya Kutosheka

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa niaba ya Ofisi ya Uwakilishi ya Jimbo la Sidra, hapa Maskati, natangaza kuwa wakazi wote wa jimbo letu wametosheka. Wote. Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu niliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo, nimebahatika kuwa Ofisa wa Muda wa Kutosheka.

Historia ya uwakilishi wetu imenyooka kama barabara kuu inayolikata jimbo mapande mawili. Mwakilishi wa kwanza, Sheikh Saud, aliahidi daraja la waendao kwa miguu. Wa pili, Ustadhi Loay, aliahidi daraja hilohilo, lenye taa. Wa tatu, Mheshimiwa Fahd, ameongeza lifti. Daraja limekua muhula hadi muhula. Kilichobaki ni kulijenga tu.

Ni Mheshimiwa Fahd aliyebuni kipimo cha kisayansi. Kila mlalamikaji hukaribishwa kahawa ofisini, na sote twajua kuwa asiyetaka kuongezwa huitikisa finjani. Ikapitishwa kanuni: "Yeyote atakayetikisa finjani mbele ya Ofisa atahesabiwa kuwa ametosheka."

Hadi leo hajatokea mlalamikaji wa kunywa kahawa milele.

Aliyetosheka mara nyingi zaidi ni Bibi Balqees. Dada yake, Bibi Wadha, anakaa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi walikuwa wakipungiana mitandio. Tangu Bibi Wadha aanze kuugua, mtandio wa ng'ambo hauonekani.

Mheshimiwa akaona vyema ampelekee Bibi Balqees nyumbani cheti cha Raia Aliyetosheka Kuliko Wote. Nilifuatana naye.

"Karibu, baba. Kaa kitako," alisema Bibi Balqees, akammiminia kahawa. Mheshimiwa akanywa, akainua finjani aitikise.

"Ngoja kwanza, baba." Bibi akanigeukia. "Binti yangu, ile kanuni yenu yasema nani?"

"Yeyote, bibi," nilijibu kwa fahari.

"Akitikisa huyu, naye katosheka?"

"Kanuni haibagui."

"Katosheka na nini? Na hicho kiti chake, asiongezwe muhula?"

Nilitafakari. Kisheria, sikuona kitu kingine alichokuwa nacho. "Naam, bibi."

Finjani ikaganda hewani.

"Basi kunywa, baba."

Akanywa. Akamiminiwa. Akasifu iliki, akamiminiwa. Akafafanua upembuzi yakinifu na mikakati shirikishi. Dele la kahawa likaenda jikoni tupu, likarudi limejaa.

"Bibi, daktari kanikataza kahawa."

"Si utikise? Nnakuzuia mie?"

Jasho lilimtoka hadi kwenye ukosi wa kanzu. "Bibi, wataka nini hasa?"

"Wadha. Nnataka nende kwa Wadha kwa miguu yangu, nikae naye, nirudi. Hutaki kutikisa, tia saini."

Hati ya ujenzi wa daraja ilikuwamo mkobani mwa Mheshimiwa. Huitembeza kila mahali kwa ajili ya kupigwa picha. Aliitia saini iliyopinda kama njia ya mlimani. Kwa bidii ya kazi, niliipiga picha na kuituma kwa mkandarasi papo hapo.

"Ahsante, baba. Mungu akupe umri. Haya, lete finjani yako."

Mheshimiwa akaunyoosha mkono. Ule mkono, uliolowa kahawa hadi kwenye mifupa, ulikuwa ukitetemeka wenyewe. Finjani ikatikisika. Ikatikisika vizuri sana.



"Si mimi!" alipiga kelele. "Ni kahawa!"

"Kanuni haikutaja sababu, Mheshimiwa," nilisema, nikampa mkono wa pongezi kwa moyo wangu wote. Katika historia ya jimbo letu, ndiye mwakilishi wa kwanza kutosheka.