Nilivyopatana na Laoban Masaa ya Mwezini

Jumapili, 9 Novemba

Nahla wangu hali chakula. Kakonda! Mashine ya kampuni yao ya Kichina imetua mwezini, na betri yake ndiyo dhamana ya mwanangu. Anasema usiku wa kule ni wiki mbili, baridi ya kuua. Jumatano jua linazama. Laoban, bosi wao, anataka mashine ipige kazi mpaka yabaki masaa sita. Nahla anataka ipumzishwe masaa kumi na nane kabla, betri ijae. Betri ikifa na mkataba wake umekufa, anarudi Unguja.

Nikamwuliza kaombaje. Ati kaomba kumi na nane! Digrii mbili, na kununua pazia hajui. Ukitaka kumi na nane unaanza sabini!

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda mwenyewe. Nahla sikumwambia. Nimebeba pilau na kalkuleta yangu ya soko la Zhanqian, miaka tisa inanisemea Kichina.

Laoban mtu wa adabu. Nikamchorea mwezi, nikachora betri, nikabonyeza 70. Akacheka mpaka miwani ikamvuka. Akabonyeza 6. Nikashika kifua, 60. Akabonyeza 6 tena. Basi nikafanya tunavyofanya wote: nikainuka, nikaelekea mlangoni polepole, niitwe.

Sikuitwa! Nikaingia lifti. Ghorofa kumi na mbili nateremka nimetega sikio. Na sufuria nimeiacha ndani!

Kazija, jirani yangu wa duka hapa mtaani Xiaobei, kaniona narudi mikono mitupu. Akauliza kama leo mwezi umefungwa. Mwanawe Maulid anasomea udaktari, basi hatupumui.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefuata sufuria. Kisingizio safi. Nikamkuta laoban na wenzake wanne wameizunguka, wanakomba ukoko! Nikaweka kalkuleta mezani. 50. Akatafuna. 10. Nikavuta sufuria kwangu. 14. Nikaifunika. Akawatazama wenzake, akabonyeza 20.

Ishirini!

Hapo Nahla akaingia. Kaniita mama mara tatu, kila mara sauti inazidi kushuka.

Jumamosi, 29 Novemba

Wiki mbili na ushei tonge halipiti. Kila asubuhi Kazija ananipa pole kama nimefiwa. Anasema chuma kimeshaganda hicho, Nahla aje dukani kwake apewe kazi ya kufunga mizigo.

Leo saa nne simu ya Nahla. Analia. Nikakaa sakafuni.

Kumbe furaha! Imeamka! Imenyoosha mkono, imejipiga picha miguu yake, mizima yote minne. Mkataba miaka mitatu! Nimepiga vigelegele ngazi zote mpaka mlango wa Kazija. Katoka, kasema hongera kama anameza kwinini. Nikamwomba arudie, sikusikia vizuri.

Jumapili, 30 Novemba

Nahla kaja na maneno yake. Ati kumi na nane yalishakubaliwa na kutiwa saini Jumatatu asubuhi, mimi sijafika. Laoban alikuwa ananitania. Yale mawili ya juu katoa kwa ajili ya pilau, na kwa sababu hiyo jaribio la kuchimba udongo likakosa nafasi. Watu watatu walilisubiri mwaka mzima. Sasa Nahla hawamsemeshi.

Masikini. Lakini mawili yangu! Nani ajuaye, labda ndiyo yaliyoiokoa. Nimemwambia hivyo. Kaziba uso kwa viganja, mwanangu, kwa shukrani.

Kaniapisha sitakanyaga tena ofisini kwao. Nimeapa, wallahi, ofisini sikanyagi.

Mashine ya pili wanaiunda kiwandani, Panyu. Nimeshauliza metro ya kwenda huko.